Picha ya Pili

Katika chumba cha Bwana Picha kulikuwa na makoti matatu yametundikwa msumarini, na yeye mwenyewe hakuwahi kuvaa hata moja. La kwanza jeusi, la pili la kaki, na la tatu jeupe la kitani, ambalo kola yake ilikwisha kugeuka rangi ya chai. Chini yake palikaa jozi moja ya viatu vilivyochanwa nyuma ili kila mguu uingie, mkubwa kwa mdogo, maana kwenye picha kisigino hakionekani. Palikuwa pia na tarbushi, tai, mkufu wa shaba, na doti ya kanga ambayo haikupata kufuliwa. Ukienda kwake na nguo zako za kibarua, alikutazama toka juu hadi chini, akasonya, kisha akakuonyesha kule msumarini.

"Nipe uso," ndivyo alivyozoea kusema. "Mengine niachie mie."

Chumba chake na nyumba yetu viligawana ukuta mmoja, katika mtaa wa nyuma ya reli pale Tanga mjini. Mtaa wenyewe haupo tena. Niliishi hapo na mama yangu, mjane, baada ya kuachwa na mume. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na ulimi uleule ulionifanya niachike nilirudi nao nyumbani. Kwa hiyo nilimjua Bwana Picha kwa namna mbili: kwa macho mchana kutwa, na kwa masikio kupitia ukutani, kwa sababu udongo ule haukuzuia neno.

Mengi niliyoyasikia yalikuwa matusi. Kamera yake ilikuwa ya zamani, ya miguu mitatu, inayotumia vioo: picha hunasa kwenye kioo kwanza, ndipo itolewe kwenye karatasi, na mtu akijitikisa tu kioo kimeharibika. Basi alikuwa akitoka chini ya kitambaa cheusi alichojifunika, amevimba, anamtukana bwana harusi mbele ya wakwe zake, kisha papo hapo anasema astaghfirullah, anamwomba radhi, anamwambia asimame tena, na asipumue. Wanawake hakuwagusa hata ncha ya kidole. Alikuwa na njiti ndefu ya ukuti, na njiti hiyo ndiyo aliyoinulia videvu na kugeuzia mabega. Mama alisema mtu akipitiwa na njiti ile hujiona kama ng'ombe mnadani. Lakini picha ikitoka, huyohuyo mama aliitazama na kutikisa kichwa kwa raha.

Tena alikuwa mwenye maarifa. Wakata mkonge walipokuja mwisho wa mwezi kutaka picha za kupeleka kwao milimani, aliwavisha koti na kuwaambia watie mikono mifukoni. Mkonge unakula mikono. Miiba yake huacha makovu mpaka kwenye kiwiko. Mzazi wa huko juu akipokea picha, amwone mwanawe kama karani aliyepumzika kidogo, mikono mfukoni, hana shida. Niliwahi kumwambia kwamba huo ni uongo. Akanijibu kwamba uongo ni kusema jambo, na yeye hajasema neno.

Siku moja alikuja mzungu mgeni, kamera yake ndogo imeharibika, akataka Bwana Picha atoke naye akawapige picha watoto wa mtaani wenye matumbo wazi na kamasi. Bwana Picha akamwambia kwamba na yake pia imeharibika. Kamera ilikuwa imesimama pale pale baina yao, kwa miguu yake mitatu, na mteja ameketi mbele yake anangoja. Mzungu akaondoka. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na Bwana Picha akanifokea kupitia ukutani kwamba namtikisia kioo.

Sasa kuna jambo ambalo sikuweza kulielewa kwa miaka mingi. Mtu huyu aliyewavisha watu wote alikuwa na shati moja lililochanika kwapani, na hakulishona. Wala hakukubali kupigwa picha. Mama alimwuliza kwa nini, akasema hana wa kumpelekea. Alisema hivyo bila huzuni, kama mtu anayesema chumvi imekwisha, akaendelea kuosha vioo vyake kwenye karai.

Halafu ukaja mwaka ule. Bei ya mkonge ilianguka huko ng'ambo unakouzwa, na sisi tulijua kwa kuona wanaume wakirudi kutoka mashambani na masanduku vichwani. Bandarini walijipanga watu kumi kugombea kazi ya mmoja. Nyumba zetu zilikuwa za udongo na makuti, na makuti yakioza hapakuwa na cha kununulia mengine, tukawa tunaweka masufuria chini ya matone. Na wakati huohuo ndipo ofisi ya viwanja ilipotangaza kwamba mtaa wetu utavunjwa yajengwe maghala, na sisi tutahamishiwa Makorora.

Karani akapita na daftari. Akasema kila kaya itapigwa picha mbele ya nyumba yake, watu na vitu vyao, na picha itakaa kwenye faili. Kazi ya kupiga alipewa Bwana Picha. Hakuna aliyeuliza picha ni za nini. Wala yeye hakuuliza.

Kwetu sisi picha ilikuwa picha. Mtu hapigwi picha alivyo, hupigwa picha anavyotaka akumbukwe. Kwa hiyo mtaa mzima ukafanya kazi. Mama Yohana, Mlutheri wa Usambara aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, alikuwa na saa ya ukutani. Mpemba wa mwisho wa mtaa, muuza karafuu, alikuwa na viti viwili vizuri, kimoja mguu wake umefungwa kamba. Fundi akatoa cherehani yake. Mtu mwingine akatoa taa ya karabai. Vitu hivi vikawa vinatangulia mbele ya kamera, nyumba baada ya nyumba, vikibebwa kwa mlango wa nyuma huku Bwana Picha anapanga miguu mitatu mlango wa mbele. Makoti yake matatu nayo yakafuata.

Ilipofika zamu yetu, mama aliketi kwenye kiti cha Mpemba, shingoni mkufu wa shaba, mbele yake cherehani ambayo hakujua hata kuitia uzi. Saa ya Mama Yohana ilining'inia juu ya mlango. Mimi nilisimama nyuma nimeshika karabai, jua la saa sita linawaka kichwani. Bwana Picha alipita na njiti yake, akanyanyua kidevu cha mama kidogo, akasema maashallah. Tulifurahi siku ile. Nasema hivi kwa sababu watu wanaosimulia habari za kuhamishwa husema tulilia tangu mwanzo hadi mwisho, na si kweli.

Orodha ilibandikwa mwisho wa mwezi. Karani akatusomea. Kaya zisizojiweza zitapewa kiwanja Makorora, na boriti, na mabati ya kuezekea. Kaya zinazojiweza zitapewa kiwanja kitupu, nazo ziwe zimejenga ndani ya miezi mitatu, la sivyo kiwanja kinachukuliwa. Mtaa wetu wote, tangu nyumba ya kwanza hadi ya mwisho, tuliandikwa kwamba tunajiweza. Mtu mmoja akauliza ofisi imejuaje. Karani akasema Bwana Viwanja, ndivyo tulivyomwita mzungu wa ofisi ile, ametazama picha moja moja, akaona saa, akaona cherehani, akaona makoti.

Nilimtazama Bwana Picha. Alikuwa amesimama mbele ya orodha, na watu walipotawanyika bado alikuwa amesimama.

Usiku kucha nilimsikia akitembea. Asubuhi alichukua nakala zake za picha zote akaenda ofisini peke yake. Yaliyotokea huko tuliambiwa na karani. Alizitandaza mezani mbele ya Bwana Viwanja, akaanza kuonyesha kwa kidole. Saa ni ileile, na katika kila picha inasema saa kumi na dakika kumi, asubuhi kwa jioni, kwa sababu ni mbovu. Kiti ni kilekile, tazama kamba mguuni. Koti ni lilelile, limekosa kifungo cha pili. Akamwambia kwamba watu hawa hawana kitu, kila unachokiona hapa ni changu au cha jirani, na mimi ndiye niliyewapamba.

Bwana Viwanja alikasirika. Alisema watu wameidanganya ofisi. Akazichukua zile picha, akaagiza na vioo vyake viletwe, akavifungia vyote kabatini. Kisha akatoa siku tatu. Kila kaya isimame tena mlangoni kwake, na nguo zake za kila siku, na vitu vyake mwenyewe tu. Asiyepigwa picha ya pili hapati boriti wala bati.

Aliporudi na habari hiyo nilidhani watampiga. Mpemba alimwambia umekwenda kutuvua nguo barazani kwa mzungu. Mwingine akatema mate karibu na miguu yake. Hata mimi nilisema neno, na nililisema nikiwa nimesimama upande wangu wa ukuta, kwa sauti, ili alisikie vizuri. Siku ya kwanza alisimamisha kamera mwanzo wa mtaa tangu asubuhi mpaka alasiri, na hakutoka mtu.

Siku ya pili Mama Yohana alitoka na watoto wake wanne. Mumewe alikuwa amekwenda bandarini kugombea kibarua. Alisema yeye ana watoto na mvua inakuja, na kama haya ni dhambi basi Mungu ataisamehe. Bwana Picha akamwomba angoje kidogo. Akapita nyumba kwa nyumba, anabisha, anaomba milango na madirisha yafungwe wakati jirani anapopigwa, ili asiwepo wa kutazama. Tukafunga. Tukakaa gizani mchana kweupe tunasikia miguu ya kamera ikiburutwa mchangani, na sauti yake ikisema simama, usipumue, basi, Mungu akulipe. Njiti ya ukuti hakuwa nayo. Alikuwa anawaacha watu wasimame wanavyosimama.

Hivyo wakatoka mmoja mmoja, na mpaka asubuhi ya tatu tulibaki sisi.

Mama alikataa. Alikataa kwa utulivu, anachambua mchele, na hilo ndilo lililonitisha. Kanga aliyobaki nayo ilikuwa imetoboka begani na kufifia mpaka maandishi yake hayasomeki. Alisema alipofiwa, wakwe zake walimwambia ataishia kuomba, na yeye miaka kumi na mbili hajaomba. Sasa uso wake ukalale kabatini mwa wanaume asiowajua, na siku yoyote mtu afungue aseme tazameni maskini huyu. Hasimami.

Nilimbembeleza. Nilimwonyesha matone. Nilimwambia tukikosa mabati tutakaa chini ya nini, mimi na yeye, wanawake wawili. Hakuinua macho kwenye ungo. Ndipo nikasema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka huona joto masikioni. Nilimwambia fahari yake ndiyo iliyomuua baba, kwa sababu baba alipougua yeye mama hakutaka jirani ajue hatuna, na sasa ataniua na mimi.

Mama aliweka ungo chini.

Bwana Picha alikuwa mlangoni. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini, lakini kwa ukuta ule hakuhitaji kusimama mlangoni ili asikie. Akavua kofia, jambo ambalo hakulifanya mbele ya mtu.

"Bibie," alimwambia, "nitatoa karatasi moja tu. Nitaipeleka kwa mkono wangu, nimkabidhi mzungu mkononi mwake, akishaona aichane mbele yangu. Asipokubali kuichana simpi. Kioo kitabaki kwangu. Hakitatazamwa na mtu."

Mama akamwuliza mtu yeyote?

"Yeyote."

"Hata huyu," mama akasema, na hakunitazama.

"Hata huyo."

Nje alisikika mtu akifunga dirisha. Kisha akaniambia nichukue ndoo niende kisimani. Maji yalikuwapo, mtungi umejaa, lakini nilichukua ndoo nikaenda. Niliporudi kamera ilikuwa imekwisha ondolewa na mama amerudia mchele wake.

Mabati tulipata. Inasemekana Bwana Viwanja alicheka alipoambiwa aichane picha, lakini aliichana. Nyumba zetu zilivunjwa kwa mitaimbo kabla ya mvua za masika, na tulikwenda Makorora nyuma ya mkokoteni, mama ameshika mtungi kifuani. Bati lilikuwa moto mchana na mvua ikinyesha hatukusikizana, lakini hatukuweka sufuria chini tena. Mama Yohana alipata kiwanja karibu yetu. Saa yake ilibaki kutosema kitu na hakuna aliyeiazima tena.

Ungetarajia watu wamshukuru Bwana Picha. Alihamia Makorora naye, akatundika makoti yake katika chumba kipya, na watu wakawa wanapita. Hawakumtukana. Walimwamkia vizuri, shikamoo, marahaba, wakaenda kupiga picha za harusi kwa mwingine huko mjini ambaye hakuwa amewaona kwenye milango yao. Nilimwuliza Mpemba kwa nini, maana bati la Mpemba lilikuwa linang'aa kuliko letu. Akanambia, "Yule bwana hana ubaya. Lakini nikiketi mbele ya kile kitambaa najua anachokiona."

Aliyempelekea futari Ramadhani ile ni mama peke yake. Bakuli lilikwenda kila jioni limefunikwa, likarudi limeoshwa. Maneno baina yao sikusikia. Kule Makorora hatukugawana naye ukuta.

Baadaye makoti akayauza na yeye akaondoka. Tukasikia yuko Amani, kwa wazungu wanaochunguza miti, kazi yake kupiga picha majani na wadudu. Watu walicheka. Mimi sikucheka sana.

Mama alifariki miaka mitatu baada ya kuhama. Ugonjwa haukuchukua wiki. Tulipomaliza arobaini, nilikaa peke yangu chini ya lile bati nikajaribu kuukumbuka uso wake, nikaona unaanza kuniponyoka, pua naipata, macho siyapati. Sikuwa na picha yake. Ile ya kwanza, ya mkufu na cherehani, ilipotelea kabatini kwa Bwana Viwanja, na nilipokwenda kuiulizia niliambiwa faili za mtaa wetu zilikwisha chomwa. Ilibaki moja tu duniani, na ilikuwa kioo.

Nilipanda lori mpaka Muheza, na kutoka hapo jingine lililobeba mbao likanipandisha milimani. Huko kuna ubaridi na miti inadondoka maji hata kama hakuna mvua. Nilimkuta katika chumba chenye harufu ya dawa zilezile za zamani, ukutani majani mengi kwenye karatasi, kila jani peke yake. Alikuwa amekonda na nywele zimekuwa nyeupe. Nikamwamkia, akaitika. Alikuwa amekwisha pata habari. Akaniuliza tumemzika wapi, nikamwambia, akasoma fatiha akiwa amesimama, kisha akanipa kiti.

Nikamwambia nilichokuja kutafuta. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilimwambia hata wewe," akasema.

Nikamwambia mama amekufa.

"Najua. Angekuwa hai ningekwenda kumwomba anifungue. Sasa nitamwomba nani?"

Nilikasirika. Nililia na nikamtukana, nikamwambia miaka yote amewapamba watu wasiomhusu, na mimi nisiye na chochote cha mama yangu ananinyima. Alikubali kila tusi. Nilipochoka aliinuka, akafungua sanduku la mbao, akatoa kioo kimoja kilichofungwa kwa kitambaa. Akakisogeza dirishani, akanigeuzia mgongo kabisa, mabega yake yamekiziba. Kwenye kioo vitu viko kinyume, cheupe ni cheusi, lakini yeye alikuwa anavisoma hivyo kama sisi tunavyosoma barua.

"Kukwambia hakunikataza," alisema.

Akaanza. Amesimama kizingitini. Mguu wa kushoto uko mbele. Kanga imetoboka begani na hakuificha tundu, mkono wa kulia ameuacha chini. Mkono wa kushoto umeshika mlango. Kuna punje ya mchele imenata kwenye kidole gumba. Alisema polepole, kitu kimoja baada ya kingine, na nilifumba macho ili niwahi kuvipokea.

Mwisho nikamwuliza kile nilichokipandia milima yote ile. Nilimwuliza uso wake ukoje, kama bado alikuwa na hasira na mimi.

Alikiinamia kile kioo.

"Uso sikuupata wote," alisema. "Nilimwambia anitazame mimi, hakunitazama. Amegeuka upande wa kisimani. Anatazama kama unarudi."

Siku ile nilikuwa nimetembea taratibu makusudi, na ndoo ilipojaa niliimwaga nikaanza kuijaza upya, ili nimngojeshe mama.